Kalenda ya ukutani na daftari la mkopo: kisa cha mdogo wangu aliyekuwa anapiga dawa ya magugu huku anatafuta mtoto

Huyu mdogo wangu siyo wa tumbo moja, ni mteja wangu wa miaka mingi tu na tumezoeana, ndo maana namwita hivyo. Alikuja dukani mwezi wa 4 mwaka 2024, jioni, nimeshaanza kuingiza madumu ndani nifunge. Nauza pembejeo huku Usangu, bonde la mpunga mkoani Mbeya: mbegu, mbolea, dawa, mabomba. Akanipa shikamoo dada, nikamwitikia marahaba mdogo wangu karibu, akasimama pale kaunta hanunui kitu, anashika pakiti za mbegu anazirudisha. Nikajua huyu kaja na lake. Alisubiri mpaka kijana aliyekuwa ananunua mbegu za nyanya atoke, ndo akasogea akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Dada, hivi hii tufodi inafunga kizazi?"

Tufodi ndo 2,4-D, dawa ya magugu ya kwenye mpunga, kila mtu huku anaijua. Kwa kweli nilikosa jibu. Nimeuza hiyo dawa misimu mingi, nimehudhuria mafunzo ya wauza pembejeo, nimefundishwa mtu akiinywa nifanyeje, ikimwingia machoni nifanyeje, lakini swali la mwanamke anayetafuta mtoto hakuna siku niliwahi kulisikia darasani. Nikamwambia kaa hapo kwenye gunia tuongee. Kisa kilianzia hapo, na ninakiandika kwa ruhusa yake, jina lake na kijiji chake naviacha, kwa sababu wadada wengi wanaoniuliza swali hilohilo wanataka jibu la ndiyo au hapana, na mimi sina jibu la hivyo, nina hiki kisa chote kama kilivyokuwa.

Wakati huo alikuwa na miaka 29. Ana mtoto mmoja wa kiume aliyezaliwa 2017. Baada ya huyo mtoto alichoma sindano za uzazi wa mpango, ya mwisho aliichoma mwanzoni mwa 2021, wakakubaliana na mumewe sasa tutafute wa pili. Mwaka wa kwanza ukapita, wakasema ni sindano bado haijaisha mwilini, na hilo lina ukweli, ile sindano ya miezi mitatu baada ya kuiacha uwezo wa kushika mimba unaweza kuchelewa kurudi, wengi inawachukua kama miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho. Lakini mwaka wa pili? Wa tatu? Sindano haiwezi kubebeshwa lawama ya miaka mitatu. Mama mkwe akaanza maneno, eti tumbo limelala, eti ana chango. Akapelekwa kunywa mizizi ya chango, akanunua na zile dawa za kuzibua mirija zinazotangazwa kwenye simu, chupa moja elfu 80, akanywa chupa tatu, na hakuna mtu hata mmoja alikuwa amempima hiyo mirija kujua kama imeziba. Hili linaniuma mpaka leo, mwanamke anauza gunia la mpunga anunue dawa ya ugonjwa ambao hakuna aliyeuona.

Sasa kwenye dawa za magugu anaingiaje. Huku kwetu palizi ni kazi ya wanawake tangu zamani, mwezi mzima na zaidi umeinama kwenye jaruba, maji yako kwenye magoti, unang'oa nyasi kwa mkono, mgongo unakufa. Dawa zilipozoeleka ile kazi haikuhama mtu, ilibaki ya mwanamke, tofauti ni kwamba sasa amebeba bomba. Yeye na mumewe walianza kutumia dawa 2019. Ana ekari mbili zao, akimaliza zao anawapigia watu kwa kibarua, analipwa kwa bomba, kwa hiyo kadiri anavyopiga mabomba mengi ndo anapata hela. Mwezi wa 12 anapiga glaifoseti kusafisha mashamba kabla ya kuburuga, mwezi wa 1 na wa 2 ndo tufodi kwenye mpunga uliopandikizwa, na katikati hapo anapanda milimani kwa wenye mahindi anapiga zile dawa zenye atrazini. Hizo ni dawa tatu tofauti kwenye mwili mmoja ndani ya miezi mitatu, na kila moja inafanya kazi kivyake, ndo maana mtu akiniambia "dawa ya magugu inafanya hivi" namuuliza ipi.

Nilimwomba siku moja anionyeshe anavyochanganya, nikamfuata mpaka shambani. Alikaa juu ya tuta la jaruba, bomba la lita 16 mbele yake, akafungua chupa akamimina kwenye kifuniko, ile rangi ya kahawia kama chai ya rangi iliyokolea, na ile harufu yake, ikamwagika kidogo ikapita kwenye vidole, akajifuta kwenye kitenge. Kifuniko cha kwanza, cha pili, maji ya mfereji juu yake, akakoroga kwa mkono. Mkono mtupu mpaka kwenye kiwiko. Akalibeba. Lile bomba lilikuwa linavuja pale chini kwenye maungio, kidogokidogo tu, na baada ya kama dakika kumi kitenge chake mgongoni kilikuwa kimelowa, maji yanashuka kiunoni yanaingia mpaka kwenye nguo za ndani. Anavaa vile mpaka saa nane mchana. Nikamuuliza mdogo wangu hilo bomba linavuja tangu lini, akasema tangu msimu wa juzi dada, nimelizoea.

Watu wengi wanaogopa kuivuta kwa pua, wanajifunga kitambaa mdomoni wanaona wamejikinga, kumbe kwa kazi ya bomba dawa nyingi inaingia kwa ngozi, na pale pabaya kuliko pote ni wakati wa kuchanganya kwa sababu ndo dawa iko kali haijapigwa maji. Mikono, mgongo, kiuno, na zile sehemu laini za mwili zinapitisha zaidi kuliko kiganja kilichokomaa kwa jembe. Halafu joto na jasho vinasaidia kuipitisha.

Sasa kalenda. Nesi wa zahanati alishamwambia awe anaweka alama siku anazoona siku zake, na yeye akawa anazungushia duara kwa biki nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, ile ya kampuni ya mbolea ambayo mimi mwenyewe nawagawia wateja kila mwisho wa mwaka. Alikuja nazo mbili, ya 2023 na ya 2024, kazikunja kazifunga ndani ya kanga. Tukazitandaza juu ya kaunta. Nikaangalia ile ya 2023: tarehe 6 mwezi wa 1, halafu hamna kitu mpaka tarehe 2 mwezi wa 3, siku 55. Kisha tarehe 19 mwezi wa 4, siku 48. Baadaye 35. Halafu kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 11 ni 29, 29, 29, 30, kama saa. Kuja mwezi wa 12 tena inaanza kuyumba. Alipata tarehe 17 Desemba, akaruka mpaka tarehe 9 Februari 2024, siku 54.

Mimi nina daftari la mkopo, kila anayechukua dawa kulipa baada ya mavuno namwandika tarehe na alichochukua. Nikalivuta. Ukurasa wake: 2023 tufodi tarehe 14 mwezi wa 1, tena tarehe 28, tena tarehe 11 mwezi wa 2. Msimu uliofuata glaifoseti 28 Desemba, tufodi 13 na 27 Januari. Nilipoweka daftari ubavuni mwa kalenda tukanyamaza wote wawili. Mwandiko wangu mwenyewe umekaa hapo, tarehe kwa tarehe, na pale penye tarehe zangu ndo pasipo na duara jekundu. Sitaki kudanganya, nilijisikia vibaya sana usiku ule. Misimu mitano nimemuuzia sijawahi kumuuliza hata siku moja, mdogo wangu hii anapiga nani.

Lakini uchambuzi ukiishia hapo ni uchambuzi wa mganga. Miezi ya dawa huku kwetu ni miezi gani? Desemba mpaka Machi, ndo miezi ya njaa hiyohiyo. Mpunga wa mwaka jana umeisha ghalani, mpya haujaiva, watu wanakula mara moja, na kazi ndo nzito kuliko kipindi chochote. Mwili wa mwanamke ukikosa chakula huku unafanya kazi nzito, ubongo wenyewe unapunguza zile homoni za kupevusha yai, siku zinachelewa au zinakata, hilo madaktari wanalijua vizuri na halihitaji dawa yoyote ya magugu. Na malaria za kwenye majaruba ndo miezi hiyo pia, na mawazo ya madeni. Nikampandisha kwenye mizani yangu ya kupimia magunia, hiyo jioni ya mwezi wa 4, kilo 47. Nikamwambia uje tupime tena kiangazi. Mwezi wa 8 alikuwa kilo 54. Kilo saba! Kwa hiyo kalenda na daftari vinalingana, ila kalenda inalingana na ghala pia, na hakuna mtu anaweza kusimama akaapa kwamba ni hiki siyo kile.

Ndo nikaanza kutafuta wenye uwezo wa kupima watu wengi wamesema nini, nikisaidiwa na bwana shamba mmoja na yule nesi. Kuna utafiti mmoja wa Wisconsin, Marekani, ulitoka 2003, walilinganisha wanawake 322 waliokuwa na shida ya kupata mimba na wengine 322 wasio na shida hiyo, eneo la wakulima. Wakakuta wale waliokuwa wanachanganya na kupiga dawa za magugu ndani ya miaka miwili kabla ya kuanza kutafuta mimba, uwezekano wao wa kuwa upande wa wenye shida ulikuwa mara 27. Ishirini na saba! Nilivyoisoma mara ya kwanza moyo ulipiga. Ila soma na kilichofuata: wenyewe waliandika kwamba ile 27 kihesabu inaweza kuwa popote kuanzia 1.9 mpaka 380. Uwanja mpana hivyo maana yake wanawake waliochanganya dawa kwa mikono yao walikuwa wachache sana kwenye ule utafiti, wakiongezeka au kupungua wawili watatu hesabu inabadilika kabisa. Kwa hiyo inaonyesha njia inaelekea wapi, haikupi umbali. Na kuna kitu kingine humo watu hawakisemi, kuishi shambani au kijijini kwenyewe hakukuonekana kuwa hatari, kulionekana kuwa kinga, na waliokuwa wanakunywa maziwa glasi tatu au zaidi kwa siku nao walikuwa na unafuu. Mimi hapo nikaona ule mkono ndani ya bomba. Kukaa karibu na mashamba ni jambo moja na kukoroga dawa ni jambo lingine.

Utafiti wa pili ulinigusa zaidi kwa sababu unaongelea kilekile tulichokiona kwenye kalenda. Ni wa wanawake 3,103 wa Iowa na North Carolina, walikuwa ndani ya ule mradi mkubwa wa kufuatilia afya ya wakulima Marekani, majibu yakatoka 2004. Waliotumia viuatilifu walikuwa na mizunguko mirefu zaidi na kuruka miezi zaidi kuliko ambao hawakuwahi kutumia, na wale waliotumia vile vinavyodhaniwa kuingilia homoni, atrazini ikiwemo, uwezekano wa mzunguko mrefu, wa kuruka mwezi au kutoka matone katikati ya mwezi ulikuwa juu kwa asilimia 60 mpaka 100. Hapo namba siyo ya kutisha kama 27 lakini watu ni wengi, ndo maana mimi naipa uzito mkubwa kuliko ile.

Inafanyaje kazi? Kwa atrazini njia inajulikana vizuri kwenye panya. Kila mwezi ubongo unatuma ishara, kutoka sehemu inaitwa haipothalamasi kwenda tezi ya pituitari, na pituitari inamwaga homoni ya LH kwa mkupuo mmoja mkubwa, ule mkupuo ndo unaolifanya yai litoke. Atrazini kwa panya jike inaukandamiza ule mkupuo, yai halitoki kwa wakati, mzunguko unavurugika. Panya walipewa dozi kubwa kuliko anazopata binadamu, hilo liwekwe wazi. Ulaya waliamua kuiondoa atrazini sokoni tangu 2003, sababu kubwa ilikuwa inaingia kwenye maji ya chini ya ardhi. Upande wa glaifoseti kelele kubwa imekuwa ya kansa, 2015 shirika la utafiti wa kansa la WHO likaiweka kundi la zinazoelekea kusababisha kansa, na Ulaya hiyohiyo 2023 wakairuhusu tena miaka kumi, kwa hiyo mjue hata wakubwa hawajakubaliana.

Na kabla sijasahau, rangi za lebo. Wateja wanaamini lebo yenye mkanda wa bluu au kijani haina shida. Ile rangi inapima kitu kimoja tu, dawa inaua kwa haraka kiasi gani ikinywewa au ikigusa ngozi kwa mara moja, vipimo vyake vinatoka kwa panya. Nyekundu inaua kwa kidogo, njano inafuata, bluu, kijani. Haisemi chochote kuhusu mwanamke anayelowa kiuno siku thelathini kila mwaka kwa miaka mitano. Mimi mwenyewe nilikuwa nawaambia watu "hii ni bluu tu usiogope", na nilikuwa nakosea.

Turudi kwa mdogo wangu. Nilimwambia mambo mawili siku zile. La kwanza usichanganye tena na usipige tena mpaka tujue, la pili nendeni hospitali wote wawili, wewe na shemeji. Hilo la pili ndo lilikuwa vita. Shemeji nilimfuata mwenyewe nyumbani, tukakaa barazani, nikaongea kwa heshima. Akaniambia, "Shemeji, mimi nina mtoto tayari, nipimwe nini tena?" Nikamwambia shemeji yangu, na yeye ana mtoto tayari, huyohuyo mmoja, mbona yeye kanywa mizizi miaka mitatu. Akakaa kimya muda mrefu. Mama yake ndo alinishangaza, alikuwa anapepeta mchele pale pembeni hata sikujua anasikiliza, akasema bila kuinua kichwa, "Mwanangu nenda."

Wakaenda mkoani mwezi wa 6. Kipimo cha mirija kwa eksrei ya dawa: iko wazi pande zote mbili, hizo chupa tatu za elfu 80 zilikuwa zinazibua kitu ambacho hakijaziba. Altrasaundi haikuonyesha uvimbe. Kipimo cha damu cha projesteroni wiki ya tatu ya mzunguko, mwezi huohuo wa 6, kilionyesha yai limetoka vizuri. Hapa simameni kidogo, maana ndo kiini cha kisa chote kwa maoni yangu. Kiangazi mzunguko wake ni siku 29, yai linatoka, mume yuko nyumbani, na kiangazi kila mwaka ni miezi sita saba. Kama shida ingekuwa ni ile kuyumba kwa msimu wa dawa peke yake, mimba ingeshika kiangazi. Haikushika kiangazi cha 2022, wala 2023. Kwa hiyo hata kama tufodi na atrazini zilikuwa zinamvuruga mwezi wa 1 na wa 2, hazikuwa zinaeleza miaka mitatu. Zilikuwa zinampunguzia miezi ya kubahatisha, lakini kulikuwa na kitu kingine.

Kipimo cha shemeji kikarudi mbegu milioni 11 kwa mililita moja. Kiwango cha chini cha WHO ni milioni 16. Na zinazokimbia vizuri zilikuwa chache. Siyo kwamba hawezi kuzaa, wapo wanaopata watoto na namba hiyo, ila inachelewesha. Na yeye anapiga dawa mwaka mzima, maana msimu wa mpunga ukiisha anahamia kwenye vitunguu na nyanya za umwagiliaji, huko ni dawa za wadudu na za ukungu pia, kila wiki. Miaka mitatu mzigo wote ulikuwa kichwani kwa mwanamke. Kanada, kwa wakulima wa Ontario, walipopima manii ya wanaume waliokuwa wametumia 2,4-D waliikuta ile dawa yenyewe kwenye karibu nusu ya sampuli, hiyo ni 1999. Na kwa familia za hukohuko Ontario, 2001 wakaonyesha kwamba kuguswa na dawa za aina hiyo kipindi cha kabla mimba haijatungwa kulihusiana na mimba kuharibika mapema. Daktari alisema inaweza kuwa dawa, inaweza kuwa maambukizi ya zamani, inaweza kuwa kitu kingine, akawapa dawa ya maambukizi na kuwaambia waache kupiga dawa wote wawili.

Kuacha! Rahisi kusema. Ekari mbili za mpunga zinapaliliwa na nani? Tulikaa tukapiga hesabu. Wakamlipa kijana apige zao, nami nikatoa glavu ndefu za mpira mgumu, siyo zile nyembamba za hospitali ambazo zinapasuka, na bomba jipya nikamkopesha, na yule kijana nikamwambia mbele yao mkono siyo wa kukorogea, tumia kijiti, na ukimaliza usioshee bomba kwenye mfereji. Kibarua cha mdogo wangu kikafa, hiyo hela ikapotea. Mama mkwe akauza mbuzi wawili.

Msimu wa 2024 kwenda 2025 hakugusa dawa. Mizunguko yake Desemba mpaka Machi: 31, 34, 30, 33. Hakuruka hata mmoja. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia pale dukani. Kisha nikampandisha kwenye mizani, mwezi wa 2, kilo 52. Mwaka huo hakufanya kibarua, alikula vizuri zaidi, hakuchoka vile. Kwa hiyo bado. Dawa imeondoka na njaa imeondoka siku moja, na siwezi kuzitenganisha, na nisingemwambia arudi kulala njaa ili tu nijue jibu.

Kuna kisa cha Marekani ambacho nimekuwa nakikumbuka kila nikiangalia zile kalenda. Alsea, kimji kidogo cha milimani huko Oregon, misitu ilikuwa inapigwa dawa ya magugu ya 2,4,5-T kila majira ya kuchipua, ndugu yake tufodi, tofauti yake kubwa ilikuwa na uchafu ndani, sumu inayoitwa dayoksini. Mwalimu mmoja wa huko, Bonnie Hill, mimba yake iliharibika, akaanza kuwauliza wanawake wenzake, wakaweka tarehe pamoja, wanawake wanane, na mimba nyingi zilikuwa zimeharibika majira yaleyale. 1978 wakaiandikia serikali barua. Serikali ikafanya uchunguzi wake na 1979 ikasimamisha kwa dharura matumizi mengi ya ile dawa. Wataalamu wengi waliukosoa ule uchunguzi, walisema haukulinganisha vizuri, na kwa ninavyoona mimi walikuwa na hoja za kweli. Lakini wale wanawake walikuwa na tarehe mkononi. Bila tarehe hata huo ubishi usingekuwepo.

Jambo moja linanipa nguvu kuwaambia wadada waache sasa hivi wasikate tamaa. 2,4-D haijengi nyumba mwilini kama DDT, ile dawa ya wadudu ya zamani. Inatoka kwa mkojo ndani ya siku chache, na glaifoseti hivyohivyo. Ukiacha kujimwagia, mwili unajisafisha wenyewe, huhitaji dawa ya kusafisha kizazi ya mtu yeyote. Ila yai linaanza kukomaa miezi kadhaa kabla ya kutoka, na mbegu za mwanaume zinachukua siku kama 74 kutengenezwa, ukiongeza na za kukomaa ni kama miezi mitatu. Kwa hiyo anayepanga kushika mimba mwezi wa 3 aache kuchanganya tangu kabla ya msimu kuanza, yeye na mume, kusubiri mpaka mimba ionekane ni kuchelewa. Na akishaacha dawa bado aende akapimwe, maana kama wangeacha dawa tu bila kupima, mbegu za shemeji zisingejulikana mpaka leo.

Siku hizi dukani kwangu kabla sijatoa chupa nauliza nani anaenda kuchanganya. Wengine wanaona nawachunguza, wengine wanacheka. Mama mmoja alinijibu ni binti yangu wa miaka 17, sikumuuzia mpaka aliponiahidi atachanganya kijana wake, na glavu nilimpa bure.

Shemeji aliendelea na vitunguu msimu wote, alisema hawezi kuacha kila kitu kwa mpigo, deni la pampu lilikuwa bado. Ameacha kupiga dawa tangu mwezi wa 5 mwaka huu ninapoandika, 2025, kamkodishia mtu lile shamba. Kipimo chake kinarudiwa mwezi wa 9. Mdogo wangu bado hajashika. Kalenda ya mwaka huu iko ukutani kwake, maduara mekundu yanakwenda vizuri, na mimi nimeanza kumwandikia kilo zake nyuma ya ukurasa wake kwenye daftari, pale ambapo zamani niliandika tufodi.